WANO LA MSHALE NA SAFU YA SWALA

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Somo la leo ni refu kidogo. Kaa nalo mpaka mwisho, maana mwanzoni litaonekana ni somo la miti na mishale, na mwisho wake utaona ni somo langu mimi imamu kabla halijawa lako.

Imamu Muslim amepokea kutoka kwa Nuuman bin Bashir (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akizinyoosha safu za Swahaba zake, mpaka ungedhani kwa safu hizo ananyoosha miti ya mishale. Neno lililotumika ni "qidaah", wingi wa "qidh". Kwa Kiswahili cha wazee wetu qidh ni wano: ule mti wa mshale kabla haujatiwa chembe mbele wala manyoya nyuma.

Nimeisoma hadithi hii madrasa nikiwa kijana. Nimeifundisha zaidi ya miaka ishirini. Mara tano kwa siku nageuka nyuma nawaambia watu wanyooshe safu. Lakini nikuambieni ukweli: kwa miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza, je, wano linanyooshwaje? Nilidhani ni kitu kimenyooka tu, basi. Mfano wa Mtume (s.a.w.) nimeubeba mdomoni bila kujua kazi iliyomo ndani yake.

KWANZA: WAARABU NA MSHALE WAO

Watu waliosikia mfano ule walikuwa wanaujua mshale kama sisi tunavyolijua jembe. Lugha yao ilikuwa na jina kwa kila hatua. Likiwa bado mti mtupu uliochongwa, ni qidh. Likishatiwa chembe na manyoya, ni sahm. Chembe ni nasl. Manyoya ni qudhadh. Ile kano ya mnyama inayozungushwa pale chembe inapoingia kwenye mti ili usipasuke, ni risaaf.

Majina haya hatukuyapata kwenye vitabu vya silaha peke yake. Yamo katika hadithi mashuhuri ya Abu Said Al-Khudri (r.a.), waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) akiwaeleza watu watakaotoka katika dini kama mshale unavyompenya mnyama ukatokea upande wa pili. Mwindaji anautazama chembe, haoni kitu. Anatazama kano, haoni kitu. Anatazama wano, anatazama manyoya, hakuna hata alama ya damu. Na watu wenyewe wanaosemwa hapo si wavivu wa ibada! Ni watu ambao Swahaba wangeiona swala yao wenyewe ndogo mbele ya swala ya hao. Liweke jambo hili akilini, tutalirudia.

Na miti je? Waarabu walikuwa na mti wa milimani unaoitwa nab'. Kwenye mti huo walipata pinde, na katika matawi yake walipata mishale. Mwanalugha Al-Mubarrad wa Basra, aliyeishi karne ya tatu ya Hijra, ameeleza kwamba nab', shiryaan na shawhat ni mti mmoja, jina linabadilika kwa mahali ulipoota. Ulioota kileleni ni nab', wa ubavuni mwa mlima ni shiryaan, wa chini bondeni ni shawhat. Tazama umakini huo! Mti ni ule ule, lakini fundi anauliza: umekulia wapi? Kwa sababu mti uliokulia juu kwenye mawe na upepo hauwi sawa na uliokulia chini penye maji.

PILI: WALIOKUWA WAKICHONGA

Tusidhani kazi hii ilikuwa ya watu wa pembeni. Ibn Qutayba, aliyefariki mwaka 276 Hijria (889), katika kitabu chake Al-Maarif ametaja kazi za mikono walizofanya watukufu. Humo amemtaja Saad bin Abi Waqqas (r.a.) kuwa alikuwa akichonga mishale. Huyu ndiye aliyerusha mshale wa kwanza katika njia ya Allah. Ndiye ambaye siku ya Uhud, mwaka wa 3 Hijria (625), Mtume (s.a.w.) alimtolea mishale na kumhimiza arushe, akamwombea kwa kumtajia baba yake na mama yake. Mkono uliorusha ulikuwa unajua mti ulivyo kabla haujawa mshale.

Na kuna mwingine ambaye wengi hawamjui. Abu Rafi' (r.a.) alikuwa mtumwa wa Al-Abbas pale Makka. Ibn Ishaq amepokea kisa chake kwa ulimi wake mwenyewe: kwamba alikuwa mtu dhaifu, kazi yake kuchonga "aqdaah" katika chumba cha Zamzam. Neno hilo la Kiarabu laweza kusomwa kuwa ni bilauri za mti, na wapo walioelewa kuwa ni miti ya mishale. Siku moja yuko pale anachonga, Ummul Fadhl mke wa Al-Abbas amekaa karibu, ikaletwa habari ya Badr. Msimulizi akasema walipambana na watu weupe juu ya farasi, baina ya mbingu na ardhi. Wakubwa wote wa Makka wamenyamaza. Aliyenyanyua sauti ni yule mchongaji: wale Wallahi ni Malaika! Abu Lahab akamrukia akampiga. Ummul Fadhl akachukua nguzo ya hema akampasua Abu Lahab kichwa. Hazikupita siku nyingi Abu Lahab akafa.

Mtu dhaifu, kisu mkononi, vumbi la mti magotini, na yeye ndiye aliyeiona haki na kuitamka.

Kisha iko hadithi ya Uqba bin Amir (r.a.), waliyoipokea Abu Daud, Tirmidhi na Nasai, na wanazuoni wana maneno juu ya nguvu ya sanad yake. Maana yake ni kwamba kwa mshale mmoja Allah huwaingiza Peponi watu watatu: aliyeutengeneza akitaraji kheri katika kuutengeneza kwake, aliyeurusha, na aliyempa mrushaji. Wa kwanza kutajwa ni fundi. Mtu ambaye vitani hayupo, jina lake hakuna anayelijua, lakini mrushaji ameweka maisha yake juu ya uaminifu wake. Maana wano likiwa na ufa uliofichwa kwa mafuta, likivunjika wakati wa kurusha, kijiti chake huingia kwenye mkono wa yule yule aliyeushika upinde. Kuchonga wano ni amana.

TATU: NILIVYOFUNDISHWA WANO

Sasa nije kwetu. Mimi nimezaliwa Kondoa. Zamani upinde ulikuwa kitu cha kawaida nyumbani, wa kufukuzia nguruwe na nyani mashambani. Siku hizi uwindaji una sheria zake na vijana wengi hawajui hata kuuvuta. Lakini msikitini kwetu yuko mzee aliyevuka miaka themanini, husali safu ya nyuma kwa sababu ya magoti, na ujanani alikuwa fundi wa mishale.

Ramadhani moja, usiku wa Tarawehe, kulikuwa na kijana wa miaka kumi na sita au kumi na saba. Mguu wake umetoka mbele ya safu, simu inawaka mfukoni. Mimi nimechoka, joto, watu wamejaa. Nikageuka, nikamtaja kwa jina lake mbele ya watu wote. Nikamwambia kama kusimama sawasawa kumemshinda arudi kwao akalale. Watu wakacheka. Kijana akarudisha mguu. Safu ikanyooka kweli kweli. Nikaleta takbira nikijiona nimeifanyia kazi hadithi ya Nuuman.

Kijana yule usiku wa pili hakuja. Wa tatu hakuja. Idi ikafika, ikapita, sikumwona.

Baada ya siku hizo yule mzee akaniita. "Sheikh, Alasiri ikitoka pitia nyumbani." Nikapita. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee wangu." Akaitika, akanikalisha kwenye kigoda. Mbele yake kulikuwa na jiko la makaa na fungu la fimbo nyembamba. Hakutaja msikiti wala kijana. Alianza kunifundisha kazi.

Akaniambia, mti wa wano ni mkole, kwetu ndio unaopatikana. Usikate tawi. Tawi limezoea kulala upande, hata ulinyooshe linakumbuka. Kata chipukizi lililotoka kwenye kisiki, au lililoota katikati ya kichaka, kwenye kivuli. Lililobanwa na wenzake hukimbilia juu kutafuta mwanga, linanyooka lenyewe na mafundo yake ni machache. Unene uwe kama kidole kidogo cha mkono. Kata kiangazi, mti ukiwa na maji kidogo.

Usilichonge siku hiyo. Lifunge na wenzake, fungu moja, kamba juu, katikati na chini. Yatakauka yameshikana, moja linamzuia mwenzake asipinde. Ncha upake mafuta zisipasuke. Na liwekwe kivulini, si juani. Juani linakauka nje wakati ndani bichi, kisha linapasuka.

Nikamuuliza, kwa muda gani? Akacheka. "Mpaka liwe tayari. Wewe una haraka, lenyewe halina."

Kisha akachukua moja lililokauka, lina kombo kidogo katikati. Akanipa. "Linyooshe." Nikalishika kwa mikono miwili, nikalikaza kwenye goti. Likalia ko! Vipande viwili.

Akachukua la pili. Akaliweka juu ya makaa, si ndani ya moto, juu yake, analizungusha polepole pale penye kombo tu. Likipata joto la kutosha akalikunja taratibu kuelekea upande wa pili, akalipitisha kidogo kuliko unyoofu wenyewe, akalishika hivyo hivyo mpaka likapoa mkononi mwake. Akalileta jichoni, akalitazama kwa urefu kama anayechungulia tundu la sindano. Bado. Akalirudisha kwenye makaa. Mara ya tatu likanyooka.

"Umeona? Ukilinyoosha baridi, linavunjika. Ukilichoma, linakuwa mkaa. Joto, mkono, subira."

Nikamwambia, basi hili limekwisha. Akasema halijaisha. Mvua ikija litakunywa unyevu, litarudi kidogo kwenye kombo lake. Mwenye podo hukagua mishale yake kila mara, hasemi nilishainyoosha mwaka jana.

Na la mwisho aliloniambia ni hili: wano zuri halikakamai. Mshale ukiachiwa, upote unausukuma kwa nguvu, nao hupinda kidogo ukaupita upinde, kisha hujinyoosha wenyewe hewani. Wano gumu mno huenda pembeni, na laini mno huenda pembeni vile vile. Kwa hiyo fundi humuuliza kwanza mwenye mshale: upinde wako una nguvu kiasi gani?

Ndugu zangu, baadaye nimesoma nikakuta mafundi wa Waislamu katika nchi nyingine wamepita njia hiyo hiyo. Waturuki wa Dola ya Uthmaniya, baada ya Sultan Mehmed kuufungua mji wa Istanbul mwaka 1453, walikuwa na uwanja maalumu unaoitwa Okmeydanı, yaani uwanja wa mshale, na mawe ya kuonyesha mishale ilipoangukia mengine yapo hadi leo. Mawano yao mazuri yalikuwa ya msonobari uliopasuliwa kwa kufuata nyuzi za mti, ukakaushwa muda mrefu ndipo uguswe na kisu, kisha ukachongwa ukawa mnene kidogo katikati na mwembamba huku na huku. Mti tofauti, nchi tofauti, lakini adabu ni moja: fuata nyuzi za mti, usizikate. Na uwe na subira.

NNE: TURUDI KWENYE SAFU

Nilipotoka kwa mzee nilikwenda moja kwa moja kwenye vitabu vyangu, nikaisoma hadithi ya Nuuman upya kana kwamba sijawahi kuiona.

Jambo la kwanza. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), ameeleza kwamba maana yake ni kuwa safu zilinyooka kiasi cha mishale kuweza kunyooshewa kwa safu hizo. Safu ndiyo kipimo, mshale ndio unaopimwa. Mtume (s.a.w.) aliwafikisha watu hapo. Kwa nini? Kwa kupayuka?

Jambo la pili. Al-Baraa bin Azib (r.a.) katika Abu Daud anasema Mtume (s.a.w.) alikuwa akipita ndani ya safu kutoka upande mmoja hadi wa pili, akipangusa vifua vyao na mabega yao kwa mkono wake, akiwaonya wasihitilafiane zikahitilafiana nyoyo zao. Mkono juu ya kifua! Hilo ndilo joto aliloniambia mzee. Na katika hadithi ya Ibn Umar (r.a.), humo humo katika Abu Daud, Waislamu wanaamrishwa wawe laini mikononi mwa ndugu zao wanapopangwa. Mti haulainiki bila joto, na mtu vivyo hivyo.

Jambo la tatu. Mwendelezo wa hadithi ya Nuuman unasema Mtume (s.a.w.) aliendelea hivyo mpaka alipoona wamefahamu. Kisha siku moja amesimama, yu karibu kuleta takbira, akamwona mtu kifua chake kimetokeza mbele ya safu. Alifanyaje? Aliwaita wote kwa jina la waja wa Allah, akawaonya kwa onyo kali kwamba wanyooshe safu au Allah atatia hitilafu baina ya nyuso zao. Onyo ni kali, ndiyo. Lakini soma tena: mtu yule hakutajwa. Karne kumi na nne zimepita, umma mzima tunalijua kosa lake, na jina lake hakuna anayelijua. Mtume (s.a.w.) alimsitiri katikati ya onyo lenyewe.

Nami nilimtaja kijana wa watu kwa jina lake na la baba yake.

Jambo la nne ndilo lililonitoa machozi. Nuuman bin Bashir alizaliwa mwaka wa 2 Hijria, wanazuoni wakasema ndiye mtoto wa kwanza wa Answari kuzaliwa baada ya Hijra. Mtume (s.a.w.) alipofariki mwaka wa 11 (632), Nuuman alikuwa na miaka kama minane. Maana yake ni kwamba hadithi hii ni kumbukumbu ya mtoto. Mtoto amesimama msikitini Madina, anatazama watu wakubwa wakinyooshwa kama mawano, na jambo hilo likakaa kifuani mwake mpaka utu uzima, akatuhadithia. Watoto na vijana wetu nao wanatazama. Yule kijana wangu, akifika umri wangu, atahadithia nini kuhusu safu za msikiti wetu?

Sasa ikumbuke ile hadithi ya mshale uliompenya mnyama ukatoka safi. Wale watu walikuwa na swala nyingi na Qur'ani nyingi, haikuvuka koo zao. Unyoofu wa nje walikuwa nao. Kilichokosekana ni huruma kwa Waislamu wenzao. Imamu anaweza kupata safu iliyonyooka kama wano, akamkosa aliyekuwa ndani ya safu.

Msinielewe vibaya. Sisemi safu ziachwe zipinde. Umar (r.a.), kama ilivyo katika Muwatta ya Imamu Malik, alikuwa akiamrisha safu zinyooshwe na haleti takbira mpaka aambiwe zimenyooka. Uqba bin Amir (r.a.) uzeeni mwake aliendelea kwenda na kurudi baina ya shabaha, na alipoambiwa anajichosha, akasema kuna neno alilisikia kwa Mtume (s.a.w.) juu ya mwenye kujifunza kurusha kisha akaacha. Kazi haiachwi. Kila swala ina kunyoosha kwake, kama podo linavyokaguliwa kila mvua. Ninachosema ni kwamba kombo halinyooshwi baridi.

Na yule kijana? Nilikwenda kwao. Mama yake akaniambia amekwenda mjini, anaendesha bodaboda. Nikaomba namba, nikampigia. Nikamwambia, "Mwanangu, nilikukosea mbele za watu, nakuomba radhi." Akanyamaza kidogo, akasema, "Hamna shida, Sheikh." Nikasikia pikipiki inawashwa. Wallahi sijui kama anaswali. Ijumaa iliyofuata nilisimama mimbarini nikawaambia watu kwamba nilikosea, kwa sababu kosa nililifanya mbele yao. Nafasi yake kwenye safu ya tatu naitazama kila nikigeuka.

Vile vipande viwili nilivyovunja kwenye goti mzee alinipa nikaondoka navyo. Viko mihrabuni, karibu na ninapoweka viatu vyangu. Kabla sijageuka kunyoosha safu, naviona.

Imamu mwenzangu unayesoma hapa, ustadh wa madrasa, baba mwenye mtoto wa kiume anayekuudhi: kuna jina ulilolitaja mbele za watu. Unalijua. Usingoje Ramadhani nyingine.

Ewe Mola wetu, zinyooshe safu zetu na zilainishe nyoyo zetu. Uturudishie vijana wetu tuliowavunja kwa mikono yetu, na uwarehemu mafundi wote waliochonga kwa amana wasijulikane majina. Amin.

Wallahu a'lam. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.